Mzungu Aliyechoma Mpaka

Al Quoz, Dubai
12 Februari 2016

Samuel,

Mimi mzima. Nyinyi je?

Naandika kwa karatasi kwa sababu simu ya Leah haipatikani, na yako kila nikipiga uko kwenye mkutano wa kanisa. WhatsApp ya kuongea huku imefungwa. Basi barua. Inakuja ndani ya mzigo, kwenye kiatu cha Leah, cha kulia. Nimeupeleka Deira kwa watu wa kago. Jamaa wa pale anaitwa Hashir, mtu wa Mombasa, aliniangalia nikiandika jina lako juu ya boksi akasema, "Mzee, hicho Kiswahili umekichonga kwa panga?" Nikamwambia apime mzigo.

Kazi imebadilika. Sibebi simiti tena. Kampuni ilitafuta mtu mwenye mgongo. Kuna madam mmoja Mzungu pale Marina, jina Ilse, ana baba yake mzee sana, miguu imekufa. Nesi wake Mfilipino ni mdogo, hawezi kumwinua. Mimi namwinua. Kitandani mpaka kwenye kiti, kwenye kiti mpaka chooni, chooni mpaka dirishani. Hiyo ndiyo kazi. Nyumba iko juu mpaka masikio yanaziba ndani ya lifti. Jioni basi linanirudisha kambini.

Mzee anaitwa Anselm. Mimi namwita sir. Mwili mwepesi, mdomo mzito. Anaongea siku nzima. Kiingereza si cha kwao, na si cha kwangu, tunakutana katikati. Siku ya kwanza aliniuliza kwetu wapi. Nikasema Uganda, lakini mpakani, ukisimama mlangoni kwangu Kenya unaiona. Akasema na yeye ni mtu wa mpakani. Ati baba yake alizaliwa nchi moja, yeye nchi nyingine, na nyumba ni ile ile. Vita vinakuja, bendera inabadilishwa, nyanya yake anaendelea kukamua ng'ombe.

Nilicheka. Ni Mzungu wa kwanza kunichekesha.

Mambo mawili. Kaburi la Teresiah, pale shambani kwangu. Mwezi huu ni mwaka wa tatu. Palilia, na msalaba uupake rangi, rangi nyeupe iko ndani ya mzigo. La pili Leah. Asome. Asifanywe mtumishi wa mkeo. Kile kishamba changu ni chake, unajua sina mtoto mwingine.

Kaka yako,
Yekoniya


Buloma, Busia
20 Machi 2016

Kwa kaka yangu mpendwa Yekoniya,

Nakusalimu kwa jina lake aliye juu, na watoto wote wanakusalimu, na ng'ombe pia angekusalimu kama si kwamba tulimuuza. Mzigo umefika. Viatu vya Leah vimemkaa sawasawa. Msichana amekuwa mrefu, siku hizi akiingia jikoni anainama.

Kaka, usiwe na wasiwasi juu ya kaburi. Shemeji yangu Teresiah amelala vizuri. Rangi nimeiona.

Sasa nina neno, na usikasirike kabla hujalimaliza. Mvua imekuja na mimi nimeita trekta. Dereva amefika, ameangalia shamba lako, ameangalia langu, ameangalia ile miti ya mpaka katikati, akaniuliza, "Samuel, hapa nigeuze trekta au baiskeli?" Watu wote wakacheka. Akaondoka. Kaka, ni aibu. Vipande viwili vidogo, kila kimoja kama kitanda cha wageni.

Unakumbuka baba alipotugawia. Wewe ulishika shina, mimi nikashika shina, tukaliingiza shimoni pamoja, na wazee wakasema atakayeng'oa peke yake mkono wake utakauka. Mimi naogopa. Siwezi kugusa hata jani. Lakini nimeuliza wazee, wamesema mwenzangu akikubali kwa mdomo wake, au kwa barua yake ikasomwa mbele ya ukoo, hakuna laana.

Tumenyonya titi moja. Kati yako na mimi mpaka wa nini? Tulime kitu kimoja, tuvune kitu kimoja, na chako kikae ni chako.

Jibu upesi, mvua haingoji mtu wa Dubai.

Mdogo wako,
Samuel


Al Quoz, Dubai
6 Mei 2016

Samuel,

Barua yako nilikuwa nimeiweka chini ya godoro. Nilitaka kukataa. Nisikilize kwa nini sikatai.

Huyu mzee alikuwa mtu. Mimi nilidhani ni tajiri tu aliyezeeka. Wiki iliyopita nilikuwa natafuta kitu cha kufungulia kopo jikoni, ndani ya droo nikakuta medali. Dhahabu dhahabu, ina utepe wa bluu. Imelala na vijiko vya zamani. Nikampelekea. Akasema, "Ah, hiyo. Walinipa nilipokuwa sina hatari tena."

Ndipo akanieleza. Vita vikubwa vya Wazungu vilimkuta kijana. Kaka yake alichukuliwa akavalishwa nguo za jeshi la upande wa pili, kwa sababu mwaka huo kijiji kilikuwa cha upande wa pili. Akafa nazo. Mama yao hakujua alie kwa bendera gani. Vita vilipoisha, yeye na wenzake wakasema basi. Ulaya yote iwe na serikali moja, mipaka itoke. Hiyo ni zamani, wakati hata wakubwa wenyewe walikuwa hawajathubutu kuitamka. Watu waliwaona wehu. Mapadri waliwaona wakomunisti, wakomunisti wakawaona vibaraka wa mapadri. Waliandika karatasi, wakazigawa stesheni za treni.

Halafu siku moja wakaenda mpakani, vijana wa upande huu na vijana wa upande ule, mchana kweupe. Wasichana wakajifanya wamezimia mbele ya askari. Askari wanawapepea. Vijana wakaing'oa ile miti ya geti, wakairundika barabarani, wakaichoma. Wakaimba mpaka sauti zikaisha. Mzee akinieleza alikuwa anacheka, machozi yanatoka, mkono wake umeshika shati langu. Akasema joto la ule moto analisikia hadi leo hapa kifuani.

Samuel, wewe unajua nilifikiria nini.

Nilifikiria Teresiah. Hatujawahi kuongea hii. Siku ile alipozidiwa nilimpakia kwenye bodaboda nimpeleke hospitali ya kwao, upande wa Kenya, ndiyo iliyokuwa karibu. Pale kwenye geti la mpaka malori yamejaa. Askari hakuwa mbaya, alitaka karatasi tu. Karatasi ilikuwa nyumbani. Mtu anakwenda kwao alikozaliwa, anaulizwa karatasi ya kwenda kwao. Nikarudi mbio kuichukua. Nilipofika tena, akina mama wa ndizi walikuwa wamemlaza kwenye benchi, wamemfunika leso. Khalas, imekwisha.

Kama lile geti lingekuwa limechomwa na watu kama huyu mzee, leo ningekuwa huku nabeba mzee wa mwanamke mwingine?

Kwa hiyo sitaki kusikia mpaka. Mimi na wewe tuwe na mpaka, halafu niwalaumu wa serikali?

Isome hii mbele ya wazee. Mimi Yekoniya nasema ng'oa. Ng'oa yote. Tulime pamoja.

Kaburi trekta lizunguke. Hilo sina haja ya kukuambia.

Kaka yako,
Yekoniya


Buloma, Busia
10 Juni 2016

Kaka yangu mpendwa,

Ungekuwepo ungelia. Barua yako nimeisoma mbele ya ukoo mzima, nimeisimamia kama mahubiri. Nilipofika kwenye wasichana waliojifanya wamezimia, akina mama walipiga vigelegele. Mzee mmoja akauliza, "Huyo Mzungu mwenyewe ana shamba?" Watu wakavunjika mbavu. Nilipofika kwa shemeji, wazee walivua kofia. Nilipofika "ng'oa", makofi.

Tumeng'oa siku hiyo hiyo. Mizizi ilikuwa imekwenda chini sana, baba alipanda kweli. Mkono wangu haujakauka, naandika nao.

Kitu tumepanda, kitu kizuri, chenye faida ya kudumu. Sikuambii, utaona. Leah hajambo. Siku hizi mkimya, ni umri. Ile simu yake nimeichukua iwe ya nyumba yote, si vizuri msichana kuwa na simu yake peke yake.

Kago ikija, tafuta paneli ya sola.

Mdogo wako,
Samuel


Buloma
17 Julai 2016

Baba,

Barua hii anakuletea mama Zulaika, anarudi huko kwa madam wake. Nitampa mkononi. Mbili za kwanza niliziweka kwenye mfuko wa mahindi baba mdogo aliosema anakutumia, na sasa najua ule mfuko haukutoka Buloma.

Nitaandika haraka, yuko kwa fundi anashonewa, namngoja hapa mlangoni.

Baba mdogo amepanda miwa. Shamba lote, lako na lake. Watu wa kampuni ya sukari walikuja na kamba, wakapima. Walipouliza mpaka uko wapi, akasema hakuna mpaka, shamba ni moja. Walipouliza la nani, akasema langu. Mimi nilikuwa nimesimama pale na beseni la nguo. Wazee walikuwepo. Hakuna aliyekohoa. Wameandika jina lake.

Trekta halikuzunguka. Msalaba wa mama waliutoa asubuhi wakauegemeza kwenye choo, baba mdogo akasema atauchomeka tena kulima kukiisha. Haukurudi. Juzi nimeuona umeshikilia mlango wa banda la kuku. Miwa imeota juu yake baba, juu ya mama, inafika magotini kwangu. Nikisimama barabarani sijui tena ni mstari wa ngapi.

Kitu kimoja nataka kukuuliza na unijibu wewe mwenyewe. Siku ile alisoma barua. Nilisikia maneno yako, hata jinsi unavyosema khalas. Lakini baba mdogo anajua kuongeza, hata Biblia anaiongezea. Niambie pale aliposema ng'oa yote, ni yeye aliongeza. Nimewaambia wasichana shuleni kwamba ni yeye aliongeza.

Ukijibu, andika jina la mama Hilwa, duka la vitambaa, Busia. Ni dada yake Zulaika. Huko mkono wa baba mdogo haufiki.

Mwanao,
Leah


Al Quoz, Dubai
29 Julai 2016

Leah,

Hakuongeza. Ni mimi.

Barua yako Zulaika aliniletea stesheni ya metro, akaniambia soma ukiwa umekaa. Nilisoma nimesimama.

Sasa nikueleze ilivyokuwa, usidhani nilikuwa mlevi.

Huyu mzee ninayembeba alinihadithia jinsi walivyochoma mpaka wao. Moyo wangu ukawaka. Nikaona na mimi niwe mtu wa kung'oa. Nikaona mama yako atafurahi.

Mwezi wa sita Waingereza wamepiga kura kutoka kwenye umoja wao wa Ulaya. Mzee amekataa kula. Nesi anambembeleza kwa kijiko, yeye anafunga mdomo kama mtoto. Madam analia jikoni, lakini si kwa sababu ya Waingereza. Ana kaka yake huko kwao, hawaongei, wanagombania nyumba ya mzee, ile ile ya mpakani. Wakipigiana simu ni mawakili wanaongea. Mzee anasikia yote. Mke wake alimwacha zamani, alimwambia umeoa bara zima, mimi hukunioa. Maisha yake yote ndani ya treni, anakwenda kuwaambia watu wasiojuana wawe ndugu. Wanawe wawili hawakai meza moja.

Nilipopata barua yako, kesho yake nilimwinua nikamweka dirishani nikamwambia, "Sir, na mimi nilifanya kama wewe. Niling'oa mpaka na ndugu yangu." Akafurahi, mara ya kwanza tangu kura. Akaniuliza, "Na mkaweka nini mahali pake?"

Nikasema hakuna. Tuling'oa tu.

Akaniangalia sana. Akasema, "Hakuna sheria? Hakuna baraza? Hakuna mtu wa tatu wa kuwaamua?" Nikasema sir, ni ndugu yangu. Akasema, "Yekoniya, ule mti tulichoma mchana mmoja. Kesho yake asubuhi askari walisimika mwingine, na mwanamke wa nyumba ya jirani alitumwagia maji machafu kwa sababu mwanawe alikuwa anakula mshahara wa lile geti. Moto haukufanya kitu. Baada ya moto nilikaa miaka yangu yote kwenye vyumba vya baridi nikibishana kifungu kwa kifungu nani atafanya nini mwenzake akimdhulumu. Hiyo ndiyo ilikuwa kazi. Mtu anayeng'oa mpaka bila kuandika hicho, amefungua tu mlango kwa mwizi."

Nikamwuliza, "Mbona hiyo hukuniambia?"

Akasema, "Hakuna anayeniuliza habari za vifungu. Wote wanataka moto."

Leah, nilimwacha dirishani nikaenda kusimama nje kwenye lifti. Nilitaka kumchukia nikashindwa. Wazee wanapenda kuhadithia moto. Na mimi ni mtu mzima, nilisikia moto nikakimbia nao nyumbani.

Paspoti yangu iko ofisini kwa kampuni. Nimeiomba. Kafeel, yule mdhamini anayeshika viza yangu, amesema mkataba unaisha mwezi wa kumi na mbili, kabla ya hapo hakuna kitu. Namwandikia baba yako mdogo leo.

Waambie wasichana shuleni ukweli. Au usiwaambie. Sijui.

Baba


Al Quoz, Dubai
29 Julai 2016

Samuel,

Nimejua miwa. Nimejua kamba. Nimejua msalaba uko kwenye banda la kuku.

Toa msalaba kwa kuku. Ng'oa miwa iliyo juu ya mke wangu, kwa mkono, si kwa trekta. Nenda kwa watu wa kampuni useme kuna mashamba mawili. Nikija Desemba tupande miti upya, baba alipoipanda.

Mimi si mtu wa maneno mengi, unanijua.

Yekoniya


Buloma, Busia
28 Agosti 2016

Kaka,

Barua yako imeniumiza, lakini mimi ni mtu wa kusamehe.

Nani alisema ng'oa? Barua ninayo, nimeihifadhi, kila mtu Buloma anaijua kwa kichwa. Hata watoto wanaigiza, mmoja anazimia, wengine wanang'oa. Wewe ndiye uliyetufundisha kwamba mpaka ni ujinga, ukamleta na Mzungu kama shahidi. Tukakuheshimu. Sasa miwa imeota umekumbuka mpaka? Kaka, mtu hawezi kuwa mtu wa umoja wakati wa kulima na mtu wa mpaka wakati wa kuvuna.

Umesema tulime pamoja. Niambie wewe umelima siku gani. Mimi nimekuwa hapa na mvua, na wazee, na magonjwa, na mazishi, na mwanao. Wewe ulichukua ndege. Anayebaki ndiye shamba linamjua.

Jina lilikuwa lazima liwe moja, kampuni haiandiki majina mawili kwenye kipande kimoja. Ningeandika lako uko wapi, wamtafute mtu Dubai?

Kuhusu shemeji. Yuko pale pale. Hakuna aliyemtoa. Chini kwake hakujabadilika, ni juu tu. Na miwa ina kivuli.

Wazee nimewauliza habari ya kupanda upya. Wamesema kung'oa barua inatosha, lakini kupanda ni mikono miwili kwenye shina moja, na hakuna mtu anayeweza kulazimishwa kushika shina. Mimi mkono wangu kwa sasa una kazi.

Karibu Desemba. Nyumba yangu ni yako.

Mdogo wako katika Bwana,
Samuel


Kwa nyanya, upande wa Kenya
9 Oktoba 2016

Baba,

Usiandike tena Buloma, sipo.

Mwezi wa tisa nilichukua panga nikaingia kwenye miwa. Nilipiga hatua nikikisia, kutoka kwenye mvule wa barabara kwenda ndani, nikakata pale nilipodhani ni mama. Nilikata mduara. Baba mdogo aliniita mbele ya wazee. Aliuliza swali moja tu, "Leah, una uhakika ni hapa?" Nikasema ndiyo. Akasema, "Apa." Nikashindwa kuapa, baba. Kweli sikuwa na uhakika. Wazee wakasema basi msichana amekata miwa ya watu.

Mke wake hakuwa mbaya. Alinifungia viazi vya njiani.

Nyanya amenipokea. Shule nimeanza ya huku, wananiita Mganda. Wajomba wanasema kaburi liko kwenu, kesi ni yenu, wao walikwisha kumtoa mtoto wao akaolewa.

Sikuandiki kukulaumu. Nililaumu mwezi mzima nikachoka. Usinitumie viatu wala kitu. Nataka kujua jambo moja. Mkataba wako ukiisha utakwenda wapi? Kwa sababu ukienda Buloma kugombana na baba mdogo, utagombana mpaka ufe, na mimi nitakuwa na wazazi wawili kwenye miwa. Na ukibaki Dubai, nitakuwa na sauti kwenye simu ya jirani. Sijui nikungojee mlango gani. Nijibu, halafu nitajua kama nina baba au nina mtu anayenitumia mizigo.

Leah


Al Quoz, Dubai
2 Desemba 2016

Leah,

Mzee amekufa. Wiki tatu sasa. Alikufa asubuhi nikiwa nimemshika, kati ya kitanda na kiti. Nilijua kwa uzito. Aliye hai hata akiwa mgonjwa anajisaidia kidogo.

Mwili ulikaa siku nyingi unangoja mihuri. Huku kumrudisha maiti kwao ni karatasi juu ya karatasi, ofisi hii inataka ya ile, ile inataka ya ubalozi. Madam alikuwa na mimi kwenye gari, mimi nashika faili. Mtu aliyechoma geti la mpaka, amelala kwenye friji anangoja ruhusa ya kuvuka. Nilitaka kucheka. Madam alianza yeye. Tulicheka pale maegesho mpaka askari akaja kutuuliza kuna nini.

Waliosema maneno ya kumuaga walikuwa Wazungu wachache, hoteli moja Marina, na chai. Wakasema baba wa umoja. Mtoto wake wa kiume alikuja kwa ndege. Akakaa upande wa dirisha, madam akakaa upande wa mlango. Mimi nilikuwa nyuma na watu wa chai. Alipotoka alipita mbele ya dada yake akamsalimu kwa kichwa, kama mtu anavyosalimia kwenye lifti.

Madam ameniambia nibaki, kuna rafiki yake ana mama mzee. Mshahara mzuri kuliko huu. Nimekataa.

Sasa swali lako.

Sirudi Buloma. Usidhani nimemwachia Samuel kwa wema. Nikimkuta peke yake njiani, sijui mkono wangu utafanya nini, kwa hiyo siendi kwenye njia hiyo. Nimefikiria kesi. Kesi ina barua yangu ndani yake, na kila mzee wa ukoo alipiga makofi. Nimefikiria kumtoa mama yako tumlete kwao. Wewe mwenyewe ulishindwa kuapa yuko wapi, na mimi siwezi kuchimba shamba la miwa kama mtu anayetafuta viazi. Atabaki upande ule. Hiyo nimeifanya mimi, nitakwenda nayo kila mahali, sihitaji mtu anikumbushe na sihitaji mtu anipunguzie.

Nakuja huko kwa nyanya yako. Nakuja kukaa, kama watanipa pa kulala, hata jikoni. Nitalima kwa watu, nitabeba mawe, mgongo bado upo.

Unajua kwetu mwanamume anayehamia kwa wakwe wanamwitaje. Watasema Yekoniya aliolewa. Wajomba zako hawatanipa nafasi kwenye kikao. Kukiwa na pombe nitakaa karibu na mlango, na watoto watatumwa na mimi nitatumwa. Najua yote. Nimeyahesabu huku kitandani, na nimeona nayaweza. Yale mengine siyawezi, ya wewe kukaa hujui mlango.

Paspoti nimepewa jana. Ndege ni tarehe kumi na nane.

Mwambie nyanya yako nakuja, umwambie mapema asishtuke. Na umwambie asichinje kuku. Kuku ni wa mkwe anayepita.

Baba yako,
Yekoniya